Leseni ya ualimu Marekani kwa asiyesomea elimu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hurudiwa na Waswahili walioko Marekani na wale wanaojiandaa kwenda: mhasibu aliyechoka na kazi ya ghala, mhandisi ambaye shahada yake haijampa kazi, mwalimu wa miaka 12 anayeambiwa vyeti vyake "havisomeki". Majibu yamepewa namba ili swali moja likutume kwenye jingine. Kanuni za majimbo hubadilika karibu kila mwaka, kwa hiyo kabla hujalipa dola hata moja, fungua tovuti ya idara ya elimu ya jimbo lako ulinganishe.

## Mambo ya msingi

1. Njia mbadala ni nini hasa?

Njia ya kawaida ya kuwa mwalimu Marekani ni kusoma shahada ya elimu kwa miaka minne, kufanya mazoezi ya kufundisha bila malipo, kufaulu mitihani ya jimbo, kisha kupewa leseni. Njia mbadala imewekwa kwa mtu ambaye tayari ana shahada ya fani nyingine. Badala ya kurudi chuo miaka minne, anapata mafunzo mafupi, anaingia darasani kama mwalimu mwenye mshahara, na masomo ya ualimu anayamalizia jioni, wikiendi na likizo.

Watu wengi huiita njia ya mkato. Mimi siiti hivyo, kwa sababu kilichobadilika ni mpangilio tu. Mwenzako wa njia ya kawaida alisoma kwanza ndipo akakutana na wanafunzi 30 wasiomsikiliza. Wewe utakutana nao kwanza, na jioni ileile utaandika kazi ya chuo kuhusu namna ya kuwafanya wakusikilize.

2. Je, leseni inayotokana na njia hii ni ya daraja la chini?

Hapana. Ukimaliza masharti yote unapata leseni ileile ya kudumu au ya kawaida aliyonayo mwalimu mwingine. Tofauti iko kwenye kipindi cha katikati, ambapo unashika cheti cha muda chenye jina lake na tarehe yake ya kufa (tazama swali la 25).

Mpango huu si mgeni pia. New Jersey ilianza nao katikati ya miaka ya 1980, Texas ikafuata, na leo Texas ni miongoni mwa majimbo ambako walimu wapya wengi wamepita huku.

3. Leseni inatolewa na nani? Kuna ya taifa zima?

Ya taifa zima haipo. Kila jimbo lina leseni yake, kanuni zake na mitihani yake. Kwingine ni idara ya elimu ya jimbo inayotoa, kwingine ni tume maalumu, kama California yenye Commission on Teacher Credentialing. Serikali kuu ya Washington haitoi leseni ya ualimu kwa mtu yeyote. Ndiyo maana ushauri wa shemeji yako aliyeko Ohio unaweza kukupoteza kabisa ikiwa wewe uko Georgia.

4. Lazima niwe na leseni ndipo nifundishe?

Shule za umma, kwa ujumla, ndiyo. Shule binafsi katika majimbo mengi hazilazimiki kisheria kuajiri mwenye leseni, na baadhi ya Watanzania na Wakenya huanzia huko, hasa kwenye shule za dini. Shule za mkataba, zile zinazolipiwa na serikali lakini zikajiendesha zenyewe, hutegemea sheria ya jimbo.

Pia kuna mwanya wa dharura. Wilaya iliyokosa mwalimu wa hesabu inaweza kuruhusiwa kumwajiri mtu asiye na leseni kwa mwaka mmoja. Texas ina sheria ya mwaka 2015 inayoruhusu wilaya kujitangaza kuwa za ubunifu na kujiondoa kwenye baadhi ya masharti, yakiwemo ya leseni, ingawa sheria ya mwaka 2025 imeanza kuubana mwanya huo kwa masomo ya msingi. Mwanya kama huo ni mlango wa kuingilia, na unafungwa bila kubisha hodi. Ukiupata, anza kutafuta leseni wiki ileile.

5. Nianze na nini?

Anza na jimbo, halafu somo, halafu ndipo uchague programu. Wengi hufanya kinyume: wanaona tangazo la kozi mtandaoni, wanalipa, kisha wanagundua jimbo lao haliitambui. Huko ndiko kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Tovuti ya kila jimbo ina orodha ya programu zilizoidhinishwa, na programu isiyomo kwenye orodha hiyo, hata iwe na picha nzuri namna gani, haina kazi kwako.

## Vyeti vya kutoka nyumbani

6. Shahada yangu ni ya biashara. Inafaa?

Kwa kawaida shahada ya kwanza ya fani yoyote inakufungulia mlango. Swali linalofuata ni la somo: je, una ujuzi wa kutosha wa kile unachotaka kufundisha? Majimbo hupima hilo kwa mtihani wa somo, au kwa kuhesabu krediti ulizosoma chuoni katika somo hilo, au kwa vyote viwili. Mwenye shahada ya biashara anaweza kufundisha biashara moja kwa moja, na hesabu akifaulu mtihani wake.

Wastani wa alama nao unaangaliwa. Texas kwa kawaida inataka angalau 2.5 katika mizani ya 4.0. New Jersey inataka 3.0. Hapo ndipo wenye "lower second" wanapoanza kuwa na wasiwasi, lakini usijikatie tamaa kabla ya tathmini, kwa sababu alama zetu hazigeuzwi kwa kuhesabu asilimia. C ya chuo chenu inaweza kusomeka B huku.

7. Shahada yangu ni ya Dar es Salaam, Nairobi au Kampala. Itatambuliwaje?

Unahitaji tathmini ya vyeti inayofanywa na wakala anayekubalika na jimbo lako. Wakala wengi wanaokubalika ni wanachama wa umoja uitwao NACES, na maarufu kwa watu wetu ni WES na ECE. Agiza tathmini ya kozi moja moja, ile inayoonyesha kila somo, krediti zake na alama yake. Ile ya bei nafuu, inayosema tu "ana shahada", itarudishwa, na utalipa mara mbili. Tena, usidhani wakala anayekubalika New York atakubalika Texas au California: majimbo hayo yana orodha zao.

Wakala huwa hapokei transkripti kutoka mkononi mwako. Anataka itumwe na chuo chenyewe, iwe kwa bahasha iliyofungwa na kugongwa mhuri au kwa mfumo wa mtandaoni. Hatua hii ndiyo inayokula miezi. Ofisi ya msajili itakupiga danadana, leo mhusika yuko likizo, kesho mtandao umekatika. Dawa iliyowasaidia wengi ni kuwa na ndugu aliye karibu na chuo, mwenye barua yako ya kumpa mamlaka, anayeweza kwenda kukaa kwenye benchi la ofisi hiyo mpaka bahasha itoke.

Kuna mtego wa muda wa shahada. Marekani imezoea shahada ya miaka minne, ya Kenya chini ya mfumo wa 8-4-4 ni ya miaka minne, lakini nyingi za Tanzania na Uganda ni za mitatu kwa sababu mwanafunzi alishapita kidato cha tano na sita. Wakala wengine huizingatia miaka ile miwili ya sekondari ya juu, wengine hawaizingatii. Waandikie barua pepe kabla ya kulipa, na matokeo ya kidato cha sita yaambatishe hata kama hayakuombwa.

8. Mimi ni mwalimu niliyesajiliwa nyumbani. Nahitaji njia mbadala kweli?

Huenda huihitaji, na swali hili watu hulisahau. Ikiwa una shahada ya elimu na ulifanya mazoezi ya kufundisha, majimbo mengi yana utaratibu tofauti kwa waliofunzwa nje ya nchi. Unaomba kama mwalimu kamili, jimbo linakuambia kilichopungua, nawe unakijazia: mtihani wa somo, kozi moja ya elimu maalumu, pengine kozi ya kufundisha kusoma.

Andaa barua ya uthibitisho wa usajili, kwa Wakenya kutoka TSC (tume ya walimu), na barua ya mwajiri inayotaja madarasa, masomo na miaka uliyofundisha. Miaka hiyo pia inaweza kukupandisha kwenye ngazi ya mshahara (swali la 20). Nimeona watu wenye B.Ed. wakilipia programu nzima ya njia mbadala kwa sababu tu hakuna aliyewaambia.

9. Nina stashahada au cheti cha ualimu, sina shahada.

Kwa leseni ya kawaida haitoshi. Lakini kozi zako zinaweza kuhamishwa kama krediti kwenye chuo cha Marekani ukamalizia shahada kwa muda mfupi zaidi. Soma pia swali la 15 na la 16.

## Mitihani

10. Nitafanya mitihani gani?

Inategemea jimbo. Praxis, mitihani ya walimu inayosimamiwa na shirika la ETS, inatumika katika majimbo mengi. Alama zake huanzia 100 hadi 200, na kila jimbo linajiwekea alama yake ya kufaulu, kwa hiyo mtu anaweza kufeli Virginia na alama hiyohiyo ikamfaulisha kwingine. Texas ina TExES, Florida ina FTCE, Massachusetts ina MTEL.

Zamani karibu kila mtu alianza na mtihani wa msingi wa kusoma, kuandika na hesabu. Majimbo mengi yameulegeza au kuuondoa. New Jersey iliondoa sharti hilo kuanzia Januari 2025. Mtihani wa somo ndio uliobaki na nguvu, ingawa California sasa inakubali pia kozi ulizosoma chuoni kama uthibitisho wa somo.

Ukifeli Praxis unasubiri siku 28 kabla ya kurudia. Texas inakupa nafasi tano tu kwa mtihani mmoja, ukizimaliza unahitaji ruhusa maalumu. Usiende "kuujaribu tu uone ulivyo". Maswali ya somo lenyewe huwa si tatizo kwa mtu wetu aliyesoma kidato cha sita. Kinachowaangusha wengi ni maswali ya malezi na ufundishaji, kwa sababu yanauliza mwalimu wa Marekani angefanya nini, na jibu sahihi karibu kamwe si adhabu.

11. Nilisoma kwa Kiingereza tangu sekondari. Bado nitafanya TOEFL?

Majimbo mengine hukuachilia ukithibitisha kwamba lugha ya kufundishia chuoni ilikuwa Kiingereza. Omba chuo kiandike barua yenye sentensi hiyo wazi, siku ileile unapoomba transkripti, usije ukarudi kwenye lile benchi mara ya pili. Wengine watataka mtihani hata hivyo.

## Njia zenyewe

12. Kufundisha huku nasoma kunakuwaje?

Hii ndiyo njia mbadala inayopitiwa na wengi. Sura yake inafanana kila mahali: unakubaliwa na programu, unafaulu mtihani wa somo, unapata mafunzo ya awali, jimbo linakupa cheti cha muda, shule inakuajiri, na kwa mwaka mmoja au miwili unafundisha ukiwa na mwalimu mlezi huku programu ikituma mtu kuja kukukagua darasani.

California inaita leseni hiyo ya mwanagenzi, ni ya miaka miwili, na kabla ya kuipata unasoma saa 120 za awali. New Jersey inakupa kwanza cheti cha kustahili, ambacho maana yake ni "unaruhusiwa kutafuta kazi". Unasoma saa 50 kabla ya kuanza, na jumla ya mafunzo ni saa 400. Texas ina cheti cha mwanagenzi cha mwaka mmoja, na usipomaliza kuna cha majaribio kinachofuata. New York inatumia cheti cha mpito na kukuunganisha na shahada ya uzamili.

Kwenye matangazo hawasemi kwamba mwaka wa kwanza ni mgumu mno. Unaamka saa kumi na moja, unafundisha vipindi vitano au sita, unasahihisha, unahudhuria darasa lako mwenyewe usiku. Mwenye kazi ya pili ya usiku, kama wengi wetu, aiache kabla ya Agosti, shule zinapofunguliwa. Na mwalimu mlezi ndiye atakayeamua kama utafika Juni, mwisho wa mwaka wa shule. Kwenye usaili uliza jina lake ni nani na yuko chumba gani. Shule ikijibu "tutaona", ujue hayupo.

Teach For America, iliyoanza kupeleka walimu mwaka 1990, ni tawi la njia hii: ahadi ya miaka miwili katika shule za jamii zenye kipato cha chini, mafunzo ya kiangazi, na mshahara kutoka wilaya.

13. Rezidensi ni nini?

Ni kama nesi anavyofunzwa wodini. Mwaka mzima unakaa darasa la mwalimu mzoefu, unapewa posho, unasoma uzamili, na mwaka wa pili ndipo unapewa darasa lako. Boston imekuwa na mpango wa namna hii tangu 2003. Nawe kwa upande wako unaahidi kufundisha wilaya hiyo miaka kadhaa. Kama familia inaweza kuishi kwa posho mwaka mmoja, ningeichagua hii mbele ya zote.

14. Kuna kozi ya mtandaoni tu, bila mazoezi ya darasani?

Ipo, American Board ndiyo inayojulikana: unajisomea, unafanya mitihani miwili, wa somo na wa ufundishaji. Lakini inatambuliwa na baadhi tu ya majimbo, yakiwemo Idaho, Florida na Missouri, na ukihama kwenda jimbo lisiloitambua, unaanza upya. Rudi swali la 5.

15. Mimi ni fundi magari, au nesi. Sina shahada ya kwanza.

Elimu ya ufundi katika sekondari za umma ina leseni yake, na humo uzoefu wa kazi huchukua nafasi ya shahada. Mchomeleaji, fundi umeme, mpishi na mhudumu wa afya wenye miaka kadhaa kazini na leseni ya fani yao wanaweza kupewa cheti cha muda, kisha wakasoma kozi chache za ualimu. Tatizo kwa waliofanya kazi Afrika ni ushahidi: barua za waajiri ziwe na tarehe, saa za kazi kwa wiki na maelezo ya kazi. "Alikuwa mfanyakazi mwaminifu" haiwasaidii kitu.

Nje ya ufundi milango ni michache. Florida mwaka 2022 iliwafungulia wanajeshi wa zamani wenye angalau krediti 60 za chuo, na Arizona mwaka huohuo iliruhusu mtu aanze kufundisha akiwa bado anamalizia shahada.

16. Nianze na kazi ndogo shuleni kwanza?

Ukiweza, ndiyo. Kuna kazi ya msaidizi wa mwalimu, na kuna ya kujazia nafasi ya mwalimu asiyekuwepo, ambayo majimbo mengi huiruhusu kwa masharti mepesi. Miezi mitatu ya kujazia nafasi itakufundisha kuhusu watoto wa huku kuliko kitabu chochote, na mkuu wa shule atakuwa ameshakuona.

Siku hizi msaidizi anaweza kupandishwa kwa uanagenzi uliosajiliwa serikalini: anabaki kazini, analipwa, chuo kinamfuata. Tennessee ilikuwa ya kwanza kuidhinishiwa mpango wa ualimu wa aina hiyo, Januari 2022, na majimbo mengine yamefuata kwa wingi.

17. Somo gani lina kazi?

Elimu maalumu, hesabu, fizikia, kemia, na Kiingereza kwa wanaojifunza lugha hiyo. Historia na elimu ya viungo zina foleni ndefu.

Elimu maalumu inahitaji neno la ziada. Wilaya zitakuvuta huko kwa sababu ndiko kuna pengo, na kanuni za shirikisho zinaruhusu aliye kwenye njia mbadala kufundisha huko kwa muda usiozidi miaka mitatu huku akimalizia leseni. Lakini ni kazi ya sheria nusu na malezi nusu: kila mtoto ana mpango wake wa maandishi, vikao na wazazi, tarehe zisizosogea. Nenda ukiwa unaitaka.

18. Naweza kupata leseni ya kufundisha Kiswahili?

Katika baadhi ya majimbo, ndiyo. Kwa lugha zisizo na mtihani wa Praxis, majimbo hutumia mahojiano ya ACTFL, baraza la walimu wa lugha za kigeni, ya kupima usemaji, na Kiswahili kimo. New Jersey, kwa mfano, inataka kiwango kinachoitwa Advanced Low kwa walimu wa lugha. Msemaji aliyekulia kwenye lugha anafika hapo, mradi aongee kwa aya badala ya kujibu "ndiyo" na "sawa".

Kazi yenyewe ndiyo haba. Kiswahili kinafundishwa zaidi vyuo vikuu kuliko sekondari, na chuo hakihitaji leseni hii. Ushauri wangu: chukua leseni ya somo lenye soko, Kiswahili ukiongeze juu yake.

## Pesa

19. Itanigharimu kiasi gani?

Tofauti ni kubwa mno kuweza kutaja namba moja. Programu binafsi za Texas hudai kiasi kidogo mwanzoni, kisha hukata salio kwenye mshahara wako wa mwaka wa kwanza. Za chuo kikuu zenye uzamili ni ghali zaidi. Rezidensi mara nyingi hulipiwa. Juu ya hapo weka tathmini ya vyeti, mitihani, alama za vidole, ada ya leseni.

Msaada wa shirikisho upo kwa raia, wenye grini kadi, wakimbizi na wengine wachache. Ruzuku ya TEACH ni hadi dola 4,000 kwa mwaka kwa atakayefundisha somo lenye upungufu katika shule ya kipato cha chini kwa miaka minne. Usipotimiza, inageuka mkopo wenye riba tangu siku ya kwanza, na kabla kanuni hazijalegezwa mwaka 2021 wengi waliumizwa na kipengele hicho kwa kusahau kutuma fomu ya kila mwaka tu. Pia mwenye mkopo wa serikali akifundisha miaka mitano mfululizo shule kama hiyo anaweza kusamehewa hadi dola 17,500 kwa hesabu, sayansi ya sekondari au elimu maalumu, na hadi 5,000 kwa wengine.

20. Nitalipwa sawa na wengine?

Kwa kawaida, ndiyo. Shule za umma hulipa kwa jedwali linalojulikana: miaka ya kazi upande huu, elimu upande ule. Peleka uthibitisho wa miaka uliyofundisha nyumbani kabla ya kusaini mkataba. Ukiupeleka baadaye, wilaya nyingine hazirudi nyuma kukufidia.

## Uhamiaji

21. Nikipata leseni nitapata kibali cha kufanya kazi?

Hapana, hapana tena. Leseni inasema unafaa kufundisha, na kibali kinasema unaruhusiwa kufanya kazi. Ni ofisi mbili zisizosalimiana. Mwenye grini kadi au kibali halali cha kazi hana shida. Asiye nacho anaweza kupata leseni nzuri na bado asiweze kuajiriwa.

H-1B, viza ya kazi ya wataalamu, ipo kwa walimu, lakini shule ya umma ya kawaida huingia kwenye bahati nasibu kama kampuni nyingine, na tangazo la rais la Septemba 2025 liliweka ada ya dola 100,000 kwa maombi mengi mapya. Ni wilaya chache zenye ubavu huo.

22. Na J-1, viza ya kubadilishana, ya walimu?

Hiyo ni ya mwalimu mzoefu, wala si njia mbadala. Inataka shahada inayolingana na ya Marekani, angalau miaka miwili ya kufundisha muda wote, na mdhamini aliyeidhinishwa na Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani. Ni miaka mitatu, inaweza kuongezwa hadi mitano, na baadhi ya wanaokuja nayo hulazimika kurudi kwao miaka miwili kabla ya kuomba aina fulani za viza. Jihadhari na wakala anayetaka fedha nyingi kabla hujaona mkataba wa shule.

23. Nipo kwa viza ya mwanafunzi, F-1.

Njia ya swali la 12 ni ajira ya muda wote, na F-1 hairuhusu hivyo. Chagua uzamili wa chuo wenye mazoezi ya kufundisha ndani yake. Ukihitimu utaomba OPT, ruhusa ya kufanya kazi baada ya masomo, ya miezi 12. Ongea na ofisi ya wanafunzi wa kimataifa kabla ya kukubali hata kazi ya kujazia nafasi ya siku moja.

## Hali za pembeni

24. Nikihamia jimbo jingine leseni itanifuata?

Ikiwa ni leseni kamili, mara nyingi utapewa ya huko kwa masharti machache. Majimbo yana makubaliano kupitia NASDTEC, umoja wa ofisi za majimbo zinazotoa leseni, na mwaka 2023 mkataba mpya wa kuhamahama ulitimiza majimbo kumi yaliyohitajika ili uanze. Lakini mikataba hiyo inabeba leseni kamili. Cheti cha muda kwa kawaida hakivuki mpaka. Mume akipata kazi jimbo jingine ukiwa mwezi wa nane wa uanagenzi, hesabu kama kuna namna ya kumaliza kwanza.

25. Cheti changu cha muda kinakwisha na sijafaulu mtihani.

Waambie programu na wilaya mapema, siyo wiki ya mwisho. Baadhi ya majimbo huongeza muda mara moja kwa sababu za ugonjwa, uzazi au jeshi, au wilaya ikiomba. Kikishakufa, shule inaweza kukushusha kuwa mwalimu wa kujazia nafasi kwa malipo ya siku, au kukuondoa kabisa hata kama wanafunzi wanakupenda.

26. Nina kesi ya zamani.

Alama za vidole zitaionyesha, FBI na polisi wa jimbo. Makosa dhidi ya watoto hufunga mlango. Mengine huangaliwa moja moja: ni nini, lini, na ulikuwa na umri gani. Kinachowanyima watu leseni mara kwa mara ni kujaza "hapana" kwenye fomu wakidhani kesi iliyofutwa haipo. Andika ukweli na uambatishe hati ya mahakama.

27. Cheti cha kidato cha nne kina jina moja, shahada jingine, pasi ya kusafiria la tatu.

Hili ni letu sana. Ubatizo, ndoa, jina la babu lililoongezwa na karani, herufi L iliyogeuka R. Mfumo wa jimbo unataka jina moja, na matokeo ya mtihani yenye jina tofauti na la maombi huelea hewani bila kuunganishwa na faili lako.

Chagua jina lililo kwenye kitambulisho cha Marekani na ulitumie kuanzia usajili wa Praxis. Kwa vyeti vya zamani tengeneza hati ya kiapo inayotaja majina yote kwamba ni ya mtu mmoja, au hati ya kubadili jina iliyosajiliwa, na nakala yake iende kwa wakala wa tathmini pamoja na transkripti. Walioolewa waongeze cheti cha ndoa, na kikiwa cha Kiswahili kiambatane na tafsiri iliyothibitishwa. Faili likiwa limeshakwama, usitume maombi mapya: pigia simu ofisi ya leseni ya jimbo, taja namba ya maombi ya kwanza, uwaombe wayaunganishe.